Nilisikia wakiulizana "Bado tu?" Je, nimwambie mdogo wangu?

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia usiku kwa sababu usiku ndio unaonisumbua. Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili. Jambo langu lina vichwa viwili na sijui kipi kilizaa kingine, kwa hiyo nitalisimulia lilivyokuja.

Miaka miwili iliyopita nilishikwa na tumbo jioni, nimetoka kula muda si mrefu. Hospitali wakasema ni kidole tumbo, kimekaribia kupasuka, naingia thieta usiku uleule. Daktari wa usingizi alikuwa na sauti ya upole. Aliniwekea kinyago cha oksijeni, akaniambia nivute pumzi ndefu. Hapo kumbukumbu inakatika.

Iliporudi, nilidhani nimekufa, Mama. Masikio yalikuwa wazi kabisa. Nilisikia mashine ikipumua, nikatambua baadaye kwamba ilikuwa inapumua ndani yangu. Kooni kulikuwa na mpira. Nikataka kufungua macho, kope hazikunitii. Nikajaribu kidole cha mkono, kisha kidole gumba cha mguu, nikijiambia nikikisogeza hiki kimoja tu wataniona. Hakikusogea. Mtu akauliza, "Bado tu?" Mwingine akajibu, "Bado." Wakakaa kimya, kisha tena, "Bado tu?" Maneno hayo mawili ndiyo ninayoyasikia mpaka leo. Nilihisi chozi likishuka kuelekea sikioni na mtu akalifuta, akasema kitu ambacho sikukishika. Baada ya hapo giza.

Nilizinduka chumba cha wagonjwa mahututi. Daktari wa wodi, akiwa na haraka zake, aliniambia, "Dawa ilikukaa kidogo, lakini sasa uko salama." Nilipomwambia kwamba nilikuwa nawasikia, alitabasamu akasema watu wengi huota ndoto wakiwa chini ya dawa. Sikusema tena. Nadhani yule wa usingizi alizidisha kipimo na wenzake wakamfunika.

Baada ya wiki kadhaa nilirudi kutolewa damu ya vipimo, nikapewa bahasha. Ndani kuna karatasi inayosema damu yangu ina upungufu wa kimeng'enya fulani, kwamba namba ya dibukaini ni 22, kwamba nisipewe tena dawa ya kulegeza misuli inayoitwa suksamethoniamu, na kwamba ndugu zangu wa tumbo moja wapimwe. Niliisoma mara moja. Nikaiweka chini ya nguo kabatini.

Sasa kichwa cha pili. Tumezaliwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kike mwenye miaka 29. Ana mawe kwenye mfuko wa nyongo. Ameshaahirisha upasuaji mara mbili kwa woga, na kila anapoahirisha maumivu yanarudi makali zaidi. Safari hii amekubali, tarehe yake ni wiki tano kutoka leo. Hajui yaliyonipata. Anajua tu kwamba nililala hospitali siku nyingi kidogo.

Nilimweleza mama kwamba nataka kumwambia. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ukimwambia atakimbia, na mawe yatamuua. Madaktari wanaijua kazi yao. Yaliyopita yameshapita." Nikamkumbusha mjomba, kaka yake, aliyekufa kwenye upasuaji wa ngiri kabla sisi hatujazaliwa. Inasemekana mwili wake ulichemka kama jiko na taya likakaza lisifunguke. Mama akaniambia nisilitaje tena jina lake katika habari hizi. Bahasha hakutaka hata kuishika. Baba alishafariki, kwa hiyo hakuna wa kunisaidia kusema naye.

Mume wangu anaona njia ni moja: tumtafute daktari wa mdogo wangu, tumpe karatasi kimyakimya, yeye aingie bila kujua chochote. Mimi naona kama ni kumwibia. Lakini nikifikiria kumkalisha chini na kumsimulia usiku ule, mikono inatetemeka, na najua atasoma uso wangu kabla sijamaliza sentensi ya kwanza.

Nikinyamaza akapatwa, nitaishije? Nikisema akakimbia, nitaishije? Na mimi mwenyewe, nikihitaji upasuaji tena? Na watoto wangu?

Mwenye bahasha

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lililokukaa rohoni zaidi, hata kama hukuliuliza: nakuamini. Kabla ya kukalia kiti hiki cha unasihi nilisimama thieta miaka mingi nikiwa muuguzi, na unachokieleza, mashine inayopumua ndani yako, mpira kooni, sauti zinazosikika kwa vipande, si ndoto ya mtu aliyelala. Waingereza walifanya uchunguzi wa nchi nzima kuhusu wagonjwa wanaopata fahamu katikati ya usingizi wa upasuaji, matokeo yakatoka mwaka 2014. Walioripoti walikuwa takriban mtu 1 kati ya 19,000, na wengi wao ilikuwa ama mwanzoni wakilazwa ama mwishoni wakiamshwa. Hilo la pili linafanana sana na lako. Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba kuaminiwa na kuelezwa mapema humpunguzia mgonjwa madhara ya baadaye. Wewe ulipewa tabasamu. Sikushangai kwamba bahasha iliishia chini ya nguo.

Nikikuelewa vyema, umepewa kitu kimoja chenye vitu viwili ndani. Kuna habari: damu yako haiwezi kuivunja dawa fulani kwa haraka. Halafu kuna usiku ule. Kwako vimeshonana, ukigusa kimoja kingine kinaamka. Ndiyo maana swali la "nimwambie au nisimwambie" linakuzidi uzito. Sina hakika kwamba mdogo wako anahitaji vyote viwili, au kwamba anavihitaji siku moja.

Niruhusu nikuelezee ile dawa, kwa sababu karatasi haikukueleza na daktari wa wodi alikuwa na haraka zake.

Misuli yetu husogea pale neva inapotoa kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyo hugonga mlango wa msuli, msuli unakaza, na papo hapo kemikali inavunjwa ili mlango uwe tayari kugongwa tena. Suksamethoniamu, ambayo wengine huiita suksinilkolini, ni asetilikolini mbili zilizounganishwa. Inagonga mlango na kuung'ang'ania. Kwa sekunde chache utaona misuli ya mgonjwa ikichezacheza chini ya ngozi, kisha mwili wote unalegea, hata misuli ya kupumua. Inachukua chini ya dakika moja. Kwa watu wengi, dakika tano hadi kumi baadaye yote yamekwisha, kwa sababu kimeng'enya kinachotengenezwa na ini na kuzunguka ndani ya damu kinaila dawa hiyo kwa kasi ya ajabu. Sehemu kubwa ya dozi huliwa njiani kabla hata haijafika kwenye misuli.

Wewe huna kimeng'enya hicho katika umbo linalofanya kazi. Ile namba ya dibukaini ni kipimo kilichobuniwa na watafiti Kalow na Genest mwaka 1957, kinachoonyesha kimeng'enya chako kinazuiwa kwa asilimia ngapi na dawa iitwayo dibukaini; kimeng'enya cha kawaida huzuiwa sana, chenye kasoro huzuiwa kidogo. Watu wengi huwa karibu na 80, wenye nakala moja ya jeni yenye kasoro huwa karibu na 60, na wenye nakala mbili huangukia karibu na 20. Yako ni 22. Kwa hiyo dozi ya kawaida kabisa, iliyopimwa sawasawa kwa uzito wako, ilifika kwenye misuli yako ikiwa nzima na haikupata wa kuiondoa.

Hapa nataka kuuliza polepole kuhusu yule mwenye sauti ya upole. Unasema alizidisha kipimo. Inawezekana, sikuwepo. Lakini karatasi uliyonayo inatosha kueleza kila kitu bila kosa la kipimo. Mtu wa aina yako hajulikani kwa kumtazama. Ni mzima, anatembea, anazaa, anafanya kazi, mpaka siku anapokutana na dawa hii moja. Na kuna sababu ya kuichagua usiku ule. Ulikuwa umekula. Tumbo likiwa na chakula, hatari kubwa ya kulazwa usingizi ni chakula kupanda na kuingia mapafuni, kwa hiyo daktari anataka misuli ilegee haraka iwezekanavyo ili aingize mpira kwenye njia ya hewa. Kwa kasi hiyo, na kwa kuisha mapema, dawa hii imekosa mshindani kamili tangu ianze kutumika mwaka 1951. Rokuroniamu, dawa nyingine ya kulegeza misuli, kwa dozi kubwa huikaribia kwa kasi, ila inakaa muda mrefu, na dawa ya kuiondoa upesi, sugamadeksi, haipo kila mahali.

Hata hivyo kuna swali unaloweza kuliuliza kwa haki, na silo la kipimo. Dawa ya kulegeza misuli haileti usingizi wala haiondoi maumivu. Usingizi huletwa na dawa nyingine kabisa. Misuli isipoamka kwa wakati, tiba ni moja tu: mashine iendelee kumpumulia mgonjwa, dawa ya usingizi iendelee kumlaza, na watu wasubiri. Ile "Bado tu?" uliyoisikia ilikuwa kusubiri huko. Walisubiri vizuri upande wa pumzi, ndiyo maana unaniandikia leo. Upande wa usingizi ndipo palipovuja, kwa dakika ngapi sijui. Je, usingizi ulipunguzwa kabla hawajahakikisha misuli imerudi? Je, walitumia kile kifaa kidogo kinachopitisha umeme kwenye neva ya mkono ili waone kama kidole gumba kinaitika? Hayo unaweza kuyapeleka hospitali kama malalamiko, au kama maswali tu. Malalamiko huleta majibu ya maandishi, lakini yanaweza kukurudisha usiku ule mara nyingi kabla hayajaisha. Mazungumzo na daktari wa usingizi huenda yakakupa maelezo haraka zaidi, ila yasiache maandishi. Wapo walioponywa na njia hii, wapo walioponywa na ile, na wapo ambao hawakutaka hata kulikanyaga tena lango la hospitali. Sitakuchagulia.

Sasa mama.

Unasema alinyamaza muda mrefu. Mimi ningeukaa ule ukimya kidogo kabla ya kuuhukumu. Amekuona karibu umpotee, amemzika kaka yake, na sasa unamletea karatasi iliyoandikwa "ndugu wa tumbo moja". Tumbo hilo ni lake. Huenda aliposikia maneno hayo alisikia lawama. Kama ni hivyo, kuna jambo ambalo hajaambiwa: hali hii haitoki kwa mzazi mmoja. Ili uwe na namba kama yako lazima ulirithi nakala moja yenye kasoro kwa mama na nyingine kwa baba. Kwa kawaida kila mmoja wao huwa mzima, hajui kwamba amebeba chochote. Mdogo wako, kwa hesabu hiyo, ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa kama wewe, nafasi 2 kati ya 4 za kubeba nakala moja tu, na nafasi 1 ya kutobeba kabisa. Mwenye nakala moja, dawa ikimkawilia, kwa kawaida ni kwa dakika, si kwa saa. Basi uwezekano mkubwa ni kwamba yeye si kama wewe. Lakini moja kati ya nne si jambo la kulifumbia macho, nawe unalijua hilo, la sivyo usingeandika.

Na mjomba. Hapa ndipo nilipoiweka barua yako mezani na kuitazama mara ya pili, maana unamtaja kama ushahidi wa kwamba tatizo lenu ni moja. Mimi siioni hivyo. Mtu mwenye upungufu wako hulegea na kukawia. Hachemki, wala taya lake halikazi mpaka likashindikana kufunguliwa. Mwili kupanda joto na misuli kukakamaa wakati wa usingizi wa upasuaji ni alama za tatizo jingine, ambalo suksamethoniamu na gesi kadhaa za usingizi zinaweza kulianzisha, na lenyewe linarithiwa kwa namna tofauti: nakala moja tu kutoka kwa mzazi mmoja inatosha. Siwezi kusema mjomba alikufa kwa hilo. Simulizi za familia hubadilika mdomo kwa mdomo, na yapo mambo mengine yanayopandisha joto. Lakini ningekuwa daktari wa usingizi wa mdogo wako, habari ya mjomba ningetaka kuisikia kabla hata ya habari yako. Hilo tatizo la joto lina dawa yake, dantrolini, na likijulikana mapema mgonjwa hulazwa kwa dawa nyingine kabisa zisizoligusa. Kabla ya dantrolini waliopatwa nalo wengi walikufa.

Nikusimulie kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1960 madaktari Denborough na Lovell, huko Australia, waliandika kuhusu kijana wa miaka 21 aliyevunjika mguu. Kilichomtisha zaidi ya mguu ilikuwa dawa ya usingizi, kwa sababu ndugu zake 10 walikwisha kufa wakiwa chini ya dawa hiyo. Aliwaambia. Walimlaza kwa gesi tofauti na ile iliyowaua ndugu zake, hata hivyo akapatwa na joto, lakini walikuwa wanamtazama, wakasimamisha upesi, akapona. Dunia ya tiba ilianza kulielewa tatizo hilo kwa sababu familia moja ilikuwa ikihesabu maiti zake na kijana mmoja akafungua mdomo. Sikisimulii ili kumsuta mama. Nadhani tu kwamba ana kipande cha habari ambacho hata wewe huna, na labda hakuna aliyewahi kumwuliza kwa upole yaliyotokea siku ile.

Tuje kwa mdogo wako. Mama anasema atakimbia. Huenda. Ameshakimbia mara mbili bila kujua lolote, kwa hiyo woga anao tayari, na wewe hutauanzisha. Swali langu ni hili: anaogopa nini hasa? Kisu? Kutoamka? Mmewahi kumwuliza, au nyote mnamkisia? Kuna watu ambao ukiwaambia jambo la hatari wanajifungia. Wapo wengine ambao kinachowatesa ni kuhisi kwamba kuna kitu wanafichwa, na ukiwapa jina na namba ya kitu chenyewe wanatulia. Wewe unamjua, mimi simjui.

Jambo moja ningeomba ulifikirie kabla ya kuamua. Upasuaji wa nyongo uliopangwa, mgonjwa akiwa amefunga kula, mara nyingi haihitaji suksamethoniamu hata kidogo. Kuna rokuroniamu na nyingine ambazo haziliwi na kimeng'enya chenu. Dawa hii huvutwa zaidi pale pa dharura: tumbo limejaa, mgonjwa ameletwa usiku akijikunja, au koo limebana ghafla na hewa haipiti. Maana yake, mdogo wako akiahirisha mpaka nyongo imlete hospitali kwa machela, ndipo anapoisogelea zaidi dawa yenyewe, na ndipo anapokuwa na nafasi ndogo zaidi ya kusema chochote. Kwa hiyo ule ukimya ambao mama anauona kama kinga nauona pia kama hatari, ingawa naelewa anakotoka. Na tarehe iliyopangwa, yenye kliniki ya usingizi kabla yake, ndiyo mahali salama kuliko pote pa kuitoa bahasha.

Tena haihitaji hata majibu ya maabara kufika. Kipimo ni cha damu tu, lakini wiki tano zaweza zisitoshe, kutegemea maabara, na wingi wa kimeng'enya hicho hushuka pia kwa ugonjwa wa ini au ujauzito, kwa hiyo majibu yanahitaji mtu anayejua kuyasoma. Lakini daktari akisikia tu kwamba dada wa tumbo moja ana namba 22, anaweza kuiacha suksamethoniamu, pamoja na binamu yake mivakuriamu inayovunjwa na kimeng'enya hichohicho, akaendelea na nyingine. Kuiacha kuna gharama yake pale pa dharura, siyo bure, ila kwa upasuaji uliopangwa ni jambo wanaloliweza.

Ndiyo maana nilisema habari na usiku ni vitu viwili. Unaweza kumwambia hivi: "Nilipofanyiwa upasuaji, dawa moja ya kulegeza misuli ilichelewa kuniisha, wakanipumulia kwa mashine mpaka ikaisha. Wamenipima, ni la kurithi. Huenda nawe unalo, huenda huna. Kuna karatasi, tuipeleke kwa daktari wako." Hakuna uongo hapo. Chozi na kidole gumba cha mguu vinabaki vyako mpaka utakapokuwa tayari, au mpaka atakapouliza. Hatari ya njia hii umeitaja mwenyewe: atasoma uso wako. Akikubana, utasema "hakuna zaidi"? Siku akijua kwamba lilikuwepo zaidi, atajisikiaje? Labda jibu la kweli la wakati ule ni "lipo, lakini siwezi kulisema leo". Watu wengi hulipokea vizuri kuliko tunavyodhani. Unaweza pia kumwomba mtu mwingine awe chumbani, au kulisema mbele ya daktari wa usingizi kwenye kliniki ili maswali ya kitaalamu yapate mwenyewe papo hapo.

Njia ya mume wako siidharau. Anataka shemeji yake awe salama na wewe usiumie, na daktari akiipata karatasi habari itakuwa imefika. Lakini daktari mwadilifu huenda akamwuliza mgonjwa wake, "Dada yako ameniletea hii, unaijua?" Siri itafunguka mikononi mwa mgeni. Na hata isipofunguka, mdogo wako atatoka hospitali bila kujua kitu ambacho kesho atakihitaji mahali pengine, pengine akiwa hana fahamu, na wewe hupo. Neno lako, "kumwibia", limenikaa. Sikuliona kama limetiwa chumvi.

Kuhusu wewe na upasuaji mwingine: unaweza kulazwa usingizi tena, na watu wa namba yako hulazwa. Kinachotakiwa ni karatasi isiwe chini ya nguo. Wengine huvaa bangili ya tahadhari, wengine huweka picha ya karatasi kwenye simu na nakala kwa mume. Watoto wako kila mmoja amepata kwako nakala moja, hakuna namna ya kulikwepa hilo. Kuwa kama wewe kungehitaji mume wako naye awe amebeba, kwa hiyo kipimo chake kinaweza kukuambia mengi kuhusu wao kabla ya kuwachoma sindano.

Ila usiku wenyewe hautibiki kwa kipimo cha damu. Mtu aliyekuwa macho ndani ya mwili usiotii anaweza kubaki na hofu ya usiku, ya kufunikwa uso, ya kulala chali, hata miaka. Kuna wanasihi wanaoshughulika na majeraha ya namna hiyo, na huhitaji kuwa umeshaamua lolote kuhusu mdogo wako ndipo uende. Pengine hata mikono ingetulia kidogo kabla ya mazungumzo hayo. Pengine isitulie, ukayafanya ikitetemeka hivyohivyo.

Nimeacha chozi mpaka mwisho. Mtu aliyelegezwa misuli hawezi kukunja uso wala kuinua kidole, lakini machozi hutoka, na moyo hupiga mbio. Madaktari wa usingizi hufundishwa kuvitazama vitu hivyo viwili kwa sababu vinaweza kuwa dalili kwamba usingizi umepungua. Aliyekufuta chozi, aliliona. Unasema baada ya hapo giza. Siwezi kukuapia kwamba kimoja kilileta kingine. Fomu ya usingizi, lakini, huandikwa kwa saa na dakika, kila dawa na dozi yake, mapigo ya moyo kwenye mstari wake. Ni kumbukumbu za matibabu yako, unaweza kuziomba. Ukiipata, tafuta mapigo yalipopanda, kisha tazama dawa ya usingizi iliongezwa saa ngapi.